Mwanya wa Upana wa Usukani

Mimi hakuna kitu kinachoweza kunishangaza. Shule niliachia darasa la nne. Machimboni niliwahi kufukiwa na kifusi mpaka kiunoni, nikajichimbua mwenyewe kwa sahani ya kulia ugali. Leo nina chenso mbili, misumeno ya petroli, zinaangusha mti wakati mwenye shoka bado anatemea mate viganja. Kwa hiyo asubuhi ile baada ya dhoruba, watu wakilia kwamba mabati yamepaa na barabara ya Gorong'a imefungwa na miti, mimi nilimaliza uji wangu taratibu. Wao waliona hasara. Mimi niliona mbao.

Mti ulioangushwa na upepo, mwenye shamba hana cha kuringia, anauza kwa bei ya kuni. Anayefika wa kwanza ndiye anayechukua. Tatizo langu lilikuwa mnunuzi mwenzangu mmoja wa magogo, mwenye pikapu. Nikaacha pikipiki, nikachukua baiskeli, maana kwenye tope baiskeli unaibeba begani. Nikafunga chenso nyuma kwa mpira, na petroli lita moja tu, niwe mwepesi.

Mti wa kwanza ulikuwa mkuyu. Ulilala barabarani, unene wake ukimfika mtu mrefu kifuani. Vijana na wazee wa pale, kama kumi, walikuwa wanaukata kwa mashoka, na walipoiona chenso wakachangamka.

"Mura, kijana wetu, umetuokoa! Tufungulie hapa gari ipite."

"Elfu ishirini mti mmoja," nikasema.

Mzee mmoja aliyevaa koti la mvua lililochanika akashusha shoka lake. "Mti kaangusha Mungu, wewe unatoza?"

"Shikamoo mzee. Mungu hanunui petroli."

Walicheka, lakini si kicheko cha kupendana, na hakuna aliyetoa pesa. Nami nikawasha mashine, nikakata mwanya wa upana wa usukani wa baiskeli, basi. Sikuongeza hata kidole. Nilifanya makusudi, sioni haya kusema: nilitaka hata pikipiki ikwame pale, seuze pikapu. Mbele kulikuwa na mikaratusi mitatu, kila mmoja umbali wake. Yote niliifanya hivyohivyo. Nilipomaliza mti wa nne petroli ikaisha, na mimi nikapita nikipiga mluzi. Nilijiona nina akili kuliko mhandisi.

Njia nzima nilikuwa nikichagua magogo kwa macho. Kwa mama, mwisho wa barabara hiyo, sikuwa na mpango wa kukaa, nilitaka kusalimia tu kisha nianze kununua.

Nilimkuta dada yangu amesimama uani na khanga kichwani. Ukuta wa jiko ulikuwa umemwangukia mama mguuni tangu alfajiri. Simu zilikuwa hazishiki. Walikuwa wameshamtoa, na mguu ulikuwa umevimba kuanzia gotini, ngozi inang'aa.

"Kuna gari?" dada akaniuliza. "Wewe umepitaje?"

Nikamwonyesha baiskeli. Majirani wakamlaza mama kwenye kitanda cha kamba, wanaume wanne wakabeba, na mimi nikakokota baiskeli nyuma yao, na ile chenso isiyo na tone la petroli.

Kitanda hakipiti kwenye mwanya wa baiskeli. Hilo ndilo nililojifunza siku ile, mimi niliyesema najua kila kitu. Kwenye mkaratusi wa kwanza wakajaribu kukiingiza mbele, mabega ya wabebaji yakagoma. Wakajaribu kukilaza ubavu, mama akateleza. Mwishowe wakakiinua juu ya gogo, na kilipogonga, mama alilia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Tukafanya hivyo mara tatu. Kwenye mkuyu ikawa mara ya nne.

Na nyuma ya mkuyu, upande wa pili, ilikuwa imesimama pikapu ya yule mwenzangu. Ilikuwa imekwama pale tangu asubuhi.

Mama akaushika ule mti kwa mkono, palipokatwa. Palikuwa laini, kama meza.

"Hii si kazi ya shoka," akasema. "Nani amekata hivi? Mtu mwenye mashine, halafu anakata kanjia ka panya?"

Mashoka yakashushwa. Mzee wa koti lililochanika akanitazama mimi, akaitazama chenso, kisha akamwinamia mama.

"Ni fundi mmoja tu, mama. Alikuwa na haraka."

Angenitukana ningemjibu. Kutukanwa nimekuzoea.

Yule mwenye pikapu aligeuza gari, akamkimbiza mama hospitali. Mguu haukukatwa, lakini daktari alisema damu ilikaa mno bila kupita. Mama sasa anatembea kwa fimbo, unyayo unaburuzika. Anaishi kwa dada. Nyumba yangu ya tofali za kuchoma, yenye vyumba sita, ameikataa. Na magogo ya upande ule wote alinunua mwenye pikapu.

Habari za kijijini hazifichiki. Mwezi haukuisha, mama akaniita.

"Ulitaka shilingi ngapi kwa mti?"

"Elfu ishirini, mama."

"Wabebaji waliinua kitanda changu mara nne. Nenda ukawalipe kwa bei yako."

Nikaenda kwa baiskeli ileile, maana nilijua wakiniona na pikipiki watacheka zaidi. Barabara ilikuwa wazi, wameifungua wenyewe kwa mashoka, magari mawili yanapishana. Nikamkuta yule mzee na watu wake, wale wabebaji wanne wakiwamo, nikamsalimia, nikampa noti tisa za elfu kumikumi, ili waone mimi si mtu wa kubana.

Akazihesabu polepole, akichezesha midomo. Akachomoa moja, akanirudishia.

"Sisi hatuzidishi, tajiri. Miti ilikuwa minne."

Wakacheka. Nikapokea elfu kumi yangu, nikapanda baiskeli. Ule mwanya ulinigharimu shilingi elfu themanini kamili.