Baba Kulwa na pango la samaki

Leo mchimba dhahabu kalamba jiwe la baharini sebuleni kwangu, hapahapa Geita.

Nilikuwa napanga mawe kwenye tangi la samaki wa maji chumvi. Mara tatu yameporomoka.

Jirani yangu Baba Kulwa, aliyezeekea kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, akaomba ajaribu.

Akalamba jiwe kwanza, kama wachimbaji wanavyolilowesha waone kama lina dhahabu.
Akaduwaa.
"Mama Neema, hili lina chumvi."
Bahari hajawahi kuiona.

Akayagonga moja moja akiyasikiliza, akajenga pango. Halitikisiki.

Samaki mmoja akaingia taratibu, akatulia.

Baba Kulwa akavua kofia.
"Mimi kila nikishuka shimoni naomba nitoke hai. Huyu anaingia kupumzika."

Mlio jirani, njooni mwone. Chai imepoa, bado tumekaa tunamtazama.