Kaburi Lisilo na Mtu

Nimekwenda Marekani mara moja tu maishani, na nilikwenda nikiwa na hasira. Majirani hapa mtaani Eastlands walidhani naenda kutembea. Mmoja aliniomba nimletee raba, tena akanipa na saizi. Nilikuwa naenda kumtafuta mdogo wangu wa kiume, ambaye alikuwa amekufa, akachomwa, na majivu yake yakamwagwa mlimani kama ya jiko, wakati sisi huku tulikuwa tumeshamchimbia kaburi.

Hilo kaburi ndilo lililoleta balaa. Habari za kifo zilipotufikia, mama hakungoja mtu. Alipanda gari kwenda kwetu Ukambani na kuamuru mwanawe achimbiwe mahali kando ya baba. Wazee walimwambia kaburi halichimbwi kabla mwili haujafika, lakini mama yangu hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Sisi tulibaki Nairobi, katika nyumba ya kanju, yaani ya baraza la jiji, tulimozaliwa, tukikusanya mchango wa kusafirisha mwili. Kila jioni sebule ilijaa watu wa kanisa na wenzangu wa Gikomba ninakouza mitumba, chai inapita, mtu anaomba, mwingine anaahidi. Katikati ya kikao kimoja mjane wa ndugu yangu akapiga simu. Alisema samahani, hakuna mwili wa kusafirisha. Ameshamchoma, na majivu ameyatawanya katika mji mmoja mkongwe wa wachimba madini ya fedha, juu jangwani, mahali marehemu alipopapenda sana. Mji wenyewe, akasema, hauna watu. Ulihamwa zamani madini yalipokwisha.

Nilikata simu, nikawaeleza watu. Tukamalizia kwa sala.

Kwetu kaburi likishachimbwa halikai wazi. Wanasema litamwita mwingine. Wazee wakashauri tuzike mgomba, kama wanavyofanyiwa watu waliopotelea majini. Mama akawajibu, "Mimi sikuzaa mgomba." Akaagiza shimo lifunikwe mabati na kuwekewa mawe juu, akarudi Nairobi, akaniita. "Wewe ndiye mkubwa," aliniambia. "Sitaki picha, sitaki saa yake. Niletee alipo. Hata kama ni udongo aliochanganyika nao, niletee."

Wifi yangu, huyo mjane, ndiye aliyeniandikia barua ya mwaliko na ndiye aliyenipokea uwanja wa ndege. Ni mwanamke wa kwao huko, mrefu, mwenye nywele za mvi asizozipaka rangi. Alinikumbatia akasema, "Niaje, siz? Mathe yuko fiti?" Eti habari, dada, na mama hajambo? Nilitamani kumzaba kofi. Ndugu yangu alimfundisha lugha ya vijana wa kona, tena ile ya enzi zetu za shule ambayo leo hata watoto wa Kariobangi wangeicheka, na hakumfundisha hata kusema shikamoo wala pole. Nikamjibu kwa Kiingereza, na tukaendelea hivyo hivyo.

Nyumbani kwake niliomba kuona nguo za marehemu, nizishike tu. Akasema alishazitoa zote kwa watu wa msaada. Alisema hivyo kwa upole, kama mtu aliyefanya jambo jema. Nikamweleza kwamba nguo zao za msaada hufungwa marobota zikaja kwetu, na mimi ndiye ninayeyakata hayo marobota. Sikumwambia kwamba zamani watu waliziita kafa-ulaya, nguo za waliokufa Ulaya. Nilikwenda kulala bila kula chakula chake.

Asubuhi tukaondoka kwa gari lake kuelekea kwenye ule mji mkongwe. Ni safari ya kutwa nzima, barabara imenyooka, huoni mbuzi, huoni mtu anayeuza hata ndizi. Halafu tukaanza kupanda. Juu kule jua lilikuwa kali na upepo baridi kwa wakati mmoja, na pumzi ikawa inanikatika. Ndipo nikaona mji wenyewe: vibanda vya mbao zilizopauka, mapaa ya mabati yenye kutu, na nyuma yake mlima uliotobolewa mashimo kila upande, kila shimo limezungushiwa waya na kibao cha kuonya watu.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Watu hulipa kiingilio kuchungulia dirishani vyumba vya maskini waliokwisha kufa. Nilichungulia. Kitanda cha chuma, birika, kiatu kimoja cha mtoto, meza yenye sahani ambazo hakuna anayeruhusiwa kuzipangusa vumbi. Mabati yakilegea, wanakuja mafundi kuyakaza, lakini hawayabadilishi, ili yabaki vile vile ya zamani. Mimi nimezaliwa katika chumba kama hicho na bado kinakaliwa. Kimepigwa alama ya X nyekundu mlangoni na kinangoja tingatinga la kukibomoa. Hakuna aliyewahi kuja kutukazia bati.

"Alikuwa anakaa pale," wifi akasema, akinionyesha benchi mbele ya safu ya vyumba vinavyofanana. "Anakuja na chai yake kwenye chupa. Alisema vyumba hivi ni kama vya kwenu, vyote vinatumia bomba moja."

Hapo nikapasuka. Nilimwambia bomba la kwetu lipo, na maji yanatoka siku mbili kwa wiki, na foleni yake ina watu wanaomjua tangu akiwa na kamasi. Mama yake yupo na anapumua. Kama alikuwa na hamu ya nyumbani, kwa nini hakupanda ndege? Miaka yote hiyo kila Krismasi alikuwa akituambia mwaka ujao. Mama alikuwa akimnunulia kuku wa kumchinjia, mwaka unapita, kuku anazeeka.

Wifi akaniangalia kwa mshangao. "Hamkujua?" akauliza. "Hakuwa na makaratasi ya kuishi huku. Hata baada ya kuoana hayakukamilika. Angetoka asingeruhusiwa kurudi." Kisha akaniambia lililobaki. Kuchomwa alikutaka mwenyewe. Alipokwisha kujua kwamba haponi, alimwambia mkewe asiwasumbue watu wa nyumbani kwa mchango wa kusafirisha mwili.

Nilikaa kwenye lile benchi lake. Kila mtu angedhani hasira ingeniisha hapo. Iliongezeka. Sikuwa tena na wifi wa kumkasirikia, nikabaki na marehemu, na marehemu hajibu. Alituhurumia mchango, akatuachia shimo. Angesema ukweli mara moja tu kwenye simu, mama asingemchimbia mtu kaburi kwa pupa, asingekuwa anaamka kila siku akiuliza kama mabati yale hayajapeperushwa.

"Ni wapi hasa?" nikamwuliza wifi.

Alinipeleka nyuma ya nyumba ya mwisho, kwenye mteremko wa mawe. Akanyoosha mkono, "Hapa." Kisha akaupeleka mkono polepole mpaka upande wa pili wa bonde. "Mpaka kule. Siku hiyo kulikuwa na upepo."

Nilipiga magoti. Nilikuwa nimetoka Nairobi na mkebe wa mafuta ya kupikia, nimeuosha na kuukausha juani, kifuniko chake kinabana vizuri. Nikaanza kukwangua udongo kwa vidole. Ulikuwa mkavu na wenye vijiwe, hauna rangi ya udongo wowote ninaoujua. Sijui kama alikuwemo. Niliendelea kukwangua.

Mlinzi alitokea nyuma yetu, mwanamke wa makamo mwenye kofia pana. Akasema kwa adabu kwamba hairuhusiwi kuondoka na kitu chochote, hata msumari, hata jiwe. Nikamwambia ni udongo tu. Akasema hata udongo. Wifi akamweleza ukweli wote, yale majivu, mama anayengoja, kaburi lililo wazi. Mlinzi akavua kofia. Akasema anasikitika sana, na kwamba kumwaga majivu pale nako kulihitaji kibali, lakini hilo ataliacha. Na udongo je, nikamwuliza. Akatikisa kichwa. Kila mgeni akibeba kidogo, alisema, mlima huu hautabaki.

Nilisimama na mkebe wangu. Nilimwambia kwamba mlima wake tayari umekwisha. Watu walikuja wakautoboa, wakabeba fedha yote iliyokuwa tumboni mwake kwa mikokoteni, wakaenda zao, na hakuna aliyewasimamisha mlangoni. Leo amekuja mwanamke mmoja kutoka Gikomba anataka udongo usiojaza hata mkebe, ndipo sheria imeamka. Nilimwambia mengine pia, kwa Kikamba, ambayo sitayaandika hapa. Alinisikiliza mpaka mwisho, macho yamemlowa, na hakusogea.

Nikaumwaga. Upepo uliuchukua kabla haujafika chini.

Niliporudi Nairobi nilimkuta mama kitandani, dirisha wazi. Sikumficha kitu. Nilimweleza habari za makaratasi, chai kwenye benchi, mchango aliotuhurumia, na mkebe nilioumwaga. Hakulia. Alikaa akipapasa pindo la leso yake, kisha akasema, "Basi lile kaburi liacheni vivyo hivyo. Yeye alikuwa mrefu, mimi ni mfupi. Litanitosha."

Nilimfokea. Sijawahi kumfokea mama yangu, na nilimfokea mpaka jirani akazima redio. Nilimwambia mmoja ametosha. Nilimwambia sitakaa nikimtazama anapimana na shimo.

Jumamosi hiyo tulikwenda Ukambani, familia na mchungaji. Mjomba alikuja na mgomba wake begani, ameukata bila kumwuliza mtu. Kwetu mwanamke hashiki jembe penye kaburi, na hilo nalijua kama ninavyojua jina langu. Niliyatupa yale mawe, nikayavuta mabati, nikashika jembe. Mjomba akasema niwaachie vijana. Nikamwambia asogee. Mchungaji akafungua Biblia, akaona uso wangu, akaifunga. Nilianza kusukuma udongo ndani ya shimo tupu, mabonge makubwa makubwa, yakianguka kwa kishindo, nikimtukana mdogo wangu kimoyomoyo kwa kila bonge.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, amejifunga leso kiunoni. Hakunizuia. Aliangalia udongo unavyoporomoka, kisha akainua mkono.

"Polepole, mwanangu," akasema. "Utamwumiza."