Siku Niliyozimisha Simu za Ukoo Mzima

Najua Milanzi yote inanicheka, basi bora mnisikie mimi mwenyewe kabla shemeji yangu Anitha hajawasimulia, maana yeye huongeza chumvi, na aibu hii ilivyo haihitaji.

Wazazi wangu walikuwa wanatimiza miaka hamsini ya ndoa. Mjomba, kaka yake Mama aliyewasimamia siku ile ya harusi, yuko Wampembe kule ziwani na miguu yake haiwezi tena safari ya kupanda huku juu, lakini Mama alishasema bila baraka ya kaka yake keki haikatwi. Mimi (na mdomo wangu huu) nikasema, "Msihangaike, Mjomba nitamleta ukutani!" Yaani simu ya video, kwa kompyuta yangu ya Linux na projekta ya kuazima. Simu ya mkononi ingetosha kabisa, lakini sasa ningeonekanaje fundi?

Kosa nililifanya siku moja kabla, saa tatu asubuhi, Baba alipochungulia kioo cha kompyuta akauliza, "Mbona hii inasema saa tisa, na chai hatujanywa?" Nikamweleza kwamba yenyewe inahesabu kizungu, akatikisa kichwa kama anayesikitikia ada alizonilipia. Basi ili yaishe nikaizuia kompyuta isijirekebishe saa yenyewe, nikaiandikia saa tatu kama tunavyosema sisi, Baba akafurahi, nami nikasahau. Ni hilo tu nililofanya, jamani.

Siku yenyewe tumerudi kanisani, saa tano inakaribia, uani watu wamejaa na masweta yao (baridi ya Ufipa mnaijua), nafungua programu ya video, inagoma mpaka niiapdeti kwanza. Nikaiamuru ishushe mafaili ya toleo jipya, ikasota, ikasota, kisha ikaniandikia kwamba mafaili bado si halali, nisubiri muda wa karibu saa tano nyingine. Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini saa tano. Mimi nikajua tu mtandao umezidiwa! Nikabadilisha seva yanakotoka, nikachukua moja ya Ulaya, ikajikokota kuliko ile ya kwanza na mwisho wake jibu lile lile. Ndipo nikashika kipaza sauti (hivi nani alinipa kipaza sauti?) nikatangaza kwa ukali, "Ndugu zangu, simu zenu zinakula mtandao, kila mtu azime! Kabisa!"

Wakazima. Katekista akazima. Baba mdogo kutoka Mwimbi akatoa na betri, akaiweka mezani niione. Yangu ndiyo iliyokuwa inaipa kompyuta mtandao, na kila ilipoita niliikata bila kutazama jina, maana nikipokea tu mtandao unakatika. Wali ukapoa. Nilikuwa natokwa jasho kwenye baridi ile, nagombana na kompyuta kwa sauti mbele ya wakwe.

Anitha, ambaye ni nesi, akaja kuinama begani kwangu. "Shemeji, mbona kompyuta yako imeandika 5:40, yaani saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri?"

"Hapana, ni saa tano na arobaini."

"Hiyo ni ya kwetu. Wodini tunaandika kizungu kila siku, sasa hivi ilitakiwa isome 11:40. Umeirudisha nyuma saa sita. Hayo mafaili basi yatakuwa yametoka leo asubuhi, kwake asubuhi yenyewe haijafika, itayapokeaje?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikairudisha saa yake, na dakika nne hazikuisha kila kitu kimeshuka. Watu wakapiga makofi, wakawasha simu, na uani kote zikaanza kulia kwa ujumbe, moja baada ya nyingine: Mjomba alikuwa amewapigia. Mzee, na miguu yake ile, alipanda kilimani kutafuta mtandao, akaupigia ukoo mzima, mmoja mmoja.

Nikapiga haraka. Ukutani akatokea binti yake, peke yake. "Baba ameshateremka, kachoka. Alipompata Shangazi akasema basi, inatosha."

Shangazi yake ni Mama yangu. Sote tukamgeukia. Akatoa simu yake ya kitochi kwenye pindo la kitenge. "Mimi kuizima sijui. Nilienda nyuma ya jiko tukaongea, akanibariki, tukalia kidogo."

"Sasa Mama, mbona hukusema?"

"Ulikuwa umeshika kipaza sauti, mwanangu."

Baba akaweka glasi chini. "Na mimi je? Si tulioana wawili?"

Watu walicheka mpaka wakajifuta machozi. Mimi sikucheka, iliniuma kweli, kwa sababu sauti ile ndiyo tuliyokuwa tunaisubiri wote na mimi ndiye niliyewanyima. Sasa kompyuta inajirekebisha saa yenyewe, na Baba akiuliza namwambia ndivyo ilivyozaliwa. Kipaza sauti sishiki tena. Mwezi ujao nateremka Wampembe kumwomba Mjomba msamaha, na Baba ameshafunga begi lake, anasema anaifuata baraka yake mwenyewe.