Ndala za Muhindo

Jumamosi ile Goma kulikuwa shwari. Mama alikuwa anasonga ugali, mimi na kaka yangu Muhindo tumelala kifudifudi sebuleni na kitabu chetu. Kilikuwa cha katuni za zamani za Waingereza. Baba alikikuta ndani ya robota la mitumba. Kiingereza hatukukijua, picha zilitutosha: watoto wa uchochoroni, kaptula zimetoboka, wanaunda gari kwa mapipa na mbao. Kila mara gari linasambaratika, unaona viatu tu vimechomoza chini ya mbao. Ukifunua ukurasa, wote wazima, bendeji kichwani, wanapanga utundu mwingine.

Muhindo akaunda chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kwetu, akaichorea namba kama ya kitabuni.

"Panda, mwoga we!"

"Breki iko wapi?"

"Kwani wale wana breki?"

Haukupita muda mizinga ikaanza kulia milimani. Mama akamkalisha bibi yetu kwenye chukudu, Muhindo akasukuma, mimi nikafuata na godoro kichwani. Barabara ilijaa watu.

Bomu la kwanza lilianguka mbali.

La pili sikulisikia.

Vumbi lilipotua, bibi alikuwa ameketi barabarani anamwita Mungu. Chukudu imepinduka. Chini yake imechomoza miguu ya Muhindo, ndala zikiwa bado miguuni.

Nilicheka. Kweli, nilicheka. Nikamwambia, "Inuka basi, tumekuona."

Mama alikuwa ameshapiga magoti.

Sasa tunaishi ng'ambo ya bahari, mtaa wa Deira, baba anauza vitenge soko la Al Ras. Leo mwalimu wa Kiingereza ametuonyesha katuni ukutani, nikawatambua: wale wale watoto. Darasa zima likacheka. Zuhura, rafiki yangu wa Kizanzibari, akanigusa kiwiko.

"We, mbona umenuna? Hebu tizama viatu vile!"

Nilikuwa naviangalia. Mwalimu akabonyeza, picha ikabadilika, mtoto akawa amesimama na bendeji yake. Nilimkodolea macho mpaka kengele ikalia.

Nyumbani nikavua viatu mlangoni. Ndala za Muhindo ziko pale, kando ya zetu. Mama akifagia huzinyanyua, akimaliza huzirudisha. Hakuna anayezitaja.

Leo, kwa kuwa nilikuwa peke yangu, nimejaribu kuvaa moja. Kisigino kimebaki nje.