Siku Hizi Napiga Maji

Daktari aliniambia nina vijiwe kwenye figo, ninywe maji kutwa. Nikanunua chupa ya chuma, ile ya kujaza na kujaza tena, nikaiweka kando ya cherehani yangu hapa sokoni Babati. Mteja akija kupimwa gauni, mimi kwanza funda moja, halafu futi.

Jirani yangu muuza nyanya akaniuliza mbona chupa haibanduki mdomoni. Nikamtania, "Mwenzangu, siku hizi napiga maji." Tulicheka sana, maana nani asiyejua kwamba kupiga maji ni kulewa?

Utani ule ukapanda bodaboda hadi Nakwa. Kicheko kikabaki sokoni.

Wakati huo mtoto wa marehemu dada yangu, niliyemlea tangu hajaota meno, alikuwa anaolewa. Alinichagua mimi niwe matroni, nisimame naye ubavuni kanisani. Nilikuwa nimeshashona hadi gauni langu. Kwenye kikao cha harusi, shangazi yake wa Nakwa akasimama. Akasema mtoto wa kaka yake hawezi kusimamiwa na mtu anayepiga maji tangu asubuhi. Watu wote wakaitazama chupa mapajani mwangu. Binti akainama, machozi yanamlenga.

Nilipandwa na hasira hadi masikio yakawaka moto. Mimi nikose kusimama na mwanangu kwa sababu ya maji ya bomba? Nilivuka ukumbi, nikafungua kifuniko, nikamkabidhi shangazi chupa.

"Wifi, onja. Kama ni pombe, najitoa mwenyewe."

Akanusa. Akanusa tena. Akaonja kidogo. Kisha akainua chupa akanywa yote, maana alikuwa ametembea juani.

"Yana baridi," akasema, akakaa. Kikao kizima kikaangua kicheko, na hakuna aliyeuliza tena habari za matroni.

Siku ya harusi, bibi harusi alipotakiwa kula kiapo, koo likamkauka. Akakohoa, sauti haitoki. Mchungaji akasubiri, kanisa likasubiri. Nikampa chupa yangu mbele ya wote. Akanywa, akala kiapo kwa sauti iliyosikika hadi kwenye bajaji nje.

Nyuma yangu nikamsikia wifi akimwambia aliyekaa kando yake, wala hakunong'ona, "Huyo ndiye matroni wetu. Anapiga maji huyo."