Mjane Aliyelia Kabla ya Neno

Mtu kama mimi, ambaye safari yake ndefu ni kutoka jikoni hadi kisimani, hafai kukodiwa kulia. Lakini mwalimu wa madaktari alifika kanisani kwetu Rubondo kutafuta wanawake wanaojua Kiswahili, waende Mbarara wakaigize katika mtihani wa wanafunzi wake. Mchungaji akanisukuma mbele kwa sababu nilisoma sekondari. Baba watoto alicheka: "Kwa hiyo unaenda Mbarara kuniua?" Ndiyo. Katika igizo mume wangu alikuwa amefia chumba cha upasuaji, na mwanafunzi alitakiwa anipe habari.

Mwanafunzi wangu alikuwa kijana wa wafugaji wa Endiinzi. Mlangoni alinieleza kwamba alishaanguka mtihani huo mara moja. Akianguka tena, anarudia mwaka mzima. Mwalimu alikaa pembeni na karatasi yake: mtazame machoni, tamka "amekufa", mguse bega. Hata huruma ilikuwa na fasi yake ya kutiwa tiki.

Kijana akaketi, akanisalimu, akauliza za nyumbani, kisha akashusha sauti, kwa Kiswahili chake cha kubabaisha: "Mama, wewe nakuja na nani leo?"

Kwetu swali hilo haliulizwi bure. Anayekuuliza hivyo anatafuta mtu wa kukushika usianguke. Akilini nikamwona baba watoto amefunikwa shuka, nikapiga yowe, kitenge kikanifunguka. Kijana akanishika mikono yote miwili.

"Ngoja," mwalimu akasema. "Mama, unalia nini? Bado hajasema."

"Amesema mingi, Dokta."

"Neno halijatamkwa."

"Kwenu mtu anaambiwa mara ngapi ndipo alie?"

Mwalimu aliinua kalamu amwangushe kijana. Nikawahi kusema kosa ni langu, turudie, safari hii nitangoja neno.

Kijana akaketi upya. Nikamnong'oneza, "Sema tu, mwanangu, usinionee huruma." Akanikodolea macho kama ng'ombe anayechomwa sindano. "Mume wako amekufa," akasema, akanigusa bega kwa vidole viwili.

Sikusikia kitu moyoni. Nilikuwa nawaza kama marehemu atakumbuka kuongeza maji kwenye maharage. Nikatoa kilio chembamba, cha adabu. Mwalimu akafurahi sana, tiki zikajaa ukurasa.

Kijana alipita. Mimi nilifutwa kwenye orodha yao. Walisema sijui kuigiza.