Alichoandika Nyuma ya Daftari

Habari ya msiba ililetwa na dereva wa lori la sangara. Alisimama mbele ya nyumba yangu hapa Musoma, injini ikiunguruma, akanipa kikaratasi kilichokunjwa mara nne: mzee wetu wa Kibara ametutoka, maziko kesho saa nane mchana. Nilipokuwa bado nakisoma, dereva akaongeza, kwa nia njema kabisa, kwamba watu wengi wameshtuka, maana juzijuzi tu walisikia mzee anaendelea vizuri. Ndugu zangu mnaonisoma kila wiki mnajua kwamba mimi ni mtu wa hasira za karibu, na wengine mmeshaniandikia kunionya kuhusu presha. Siku ile sikumkasirikia dereva. Niliyakasirikia yale maneno mawili, anaendelea vizuri, kwa sababu nilikuwa nimeyaona kwa macho yangu yakiandikwa juu ya mtu ambaye hata mate yake mwenyewe yalikuwa yanamshinda kumeza.

Kwa wasiomfahamu, marehemu alikuwa mpanga madaraja wa pamba. Nilikutana naye katika ile miaka ya dhiki, sabuni ikipatikana kwa kujuana na sukari kwa kibali, mimi nikiwa karani kijana wa mizani katika kituo kimoja cha kununulia pamba, yeye akizunguka vituo vyetu vyote kwa baiskeli, toka Kisorya hadi Buswahili. Kazi yake ilikuwa kusema neno moja tu mbele ya kila gunia: safi, au fifi. Safi ni pamba nyeupe iliyochambuliwa ikachambulika. Fifi ni ile yenye madoa na majani. Palikuwa na neno la tatu ambalo halikuandikwa katika kitabu chochote cha ushirika, nalo ni rudisha, yaani gunia hili halifai hata kuitwa fifi, lirudi nyumbani na mwenyewe. Wakulima wetu si wajinga. Pamba nzuri hukaa juu, mbaya hulala chini. Mzee hakuwa na habari na ya juu. Alikuwa akikunja shati, anauzamisha mkono mpaka begani, anatoa konzi moja kutoka tumboni mwa gunia, anaitazama kwenye jua, ndipo anatamka.

Msimu mmoja alikuja siku ambayo mama yangu mzazi alikuwa kwenye foleni. Gunia lake nilikuwa nimeshaliweka upande wa safi, nani angeniuliza. Mzee akazamisha mkono, akatoka na konzi ya kahawia iliyojaa majani, akamwambia mama mbele ya watu wote kwamba hii ni fifi, tena imeponea chupuchupu. Nilitamani ardhi ipasuke. Jioni yake, bila aibu yoyote, akaja kwetu kumwamkia mama na kumweleza jinsi ya kuianika, na mama, aliyekuwa amenuna tangu mchana, akashindwa kumnyima chakula. Akaketi na baba yangu na wajomba kwenye sahani moja ya ugali wa muhogo na mtama, na hapo ndipo nilipogundua kwamba yule bwana alikuwa mlaji wa kuogopwa. Tonge lake lilikuwa saizi ya ngumi ya mtoto. Wajomba walikuja kumtania miaka mingi baadaye kwamba ugali anaupima kwa mkono uleule wa pamba.

Ndiyo maana dalili ya kwanza ya ugonjwa wake haikuwa kikohozi wala uvimbe. Ilikuwa ni kwamba aliondoka kwenye sahani ya wanaume. Tulikuwa kwenye arusi ya mwanawe, akasema amekwisha shiba, na baadaye nikamkuta nyuma ya jiko, peke yake, anakoroga uji. Hakutaka wenzake waone muda anaotumia kumeza, wala wasikie harufu ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameanza kuisikia kinywani mwake. Alipofika kwa madaktari, saratani ya koo ilikuwa imeshuka shingoni, uvimbe wa kadiri ya yai. Akapelekwa Dar es Salaam, akarudishwa na barua isemayo kwamba muda wa kuiondoa umepita, atunzwe karibu na nyumbani na asiachwe na maumivu. Nirudie hayo ya mwisho, maana ndiyo kesi yetu leo: asiachwe na maumivu. Hakuna aliyeahidi kumponya. Kilichobaki kudaiwa kwa haki yake kilikuwa kimoja tu, nacho kilikuwa kwenye uwezo wetu.

Akalazwa katika hospitali moja ya huku kwetu ambayo sitaitaja, kwa sababu najua ingekuwa nyingine yangekuwa hayohayo. Siku hizi za kuchangia gharama, mgonjwa huja na vyake: shuka, glavu, na daftari, kwa kuwa majalada hayapo. Daftari lake lilikuwa la shule, lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Kila asubuhi daktari, kijana mwenye adabu zake, alipita kitanda kwa kitanda, analichukua, analifungua mbele, anaandika. Nilikuwepo asubuhi tatu, nimekuja kumwangalia. Asubuhi zote tatu daktari alisema, shikamoo mzee, umeamkaje, na mzee kwa sauti iliyokauka akaitikia marahaba, nimeamka vizuri, daktari. Kalamu ikaandika: anaendelea vizuri, hana malalamiko, aendelee na vidonge vilevile. Daktari akaenda kitanda kinachofuata. Mzee akafungua kibiriti kitupu alichokificha chini ya shuka, akaviweka humo vidonge alivyopewa jana, kwa sababu havipiti.

Asubuhi ya pili niliwaka. Nilimuuliza, mtu uliyemwambia mama yangu fifi mbele ya kijiji kizima, unashindwaje kumwambia kijana yule ukweli? Akanitazama kama alivyokuwa akinitazama zamani nilipokosea mizani. Akasema polepole, akipumzika kila baada ya neno: "Ameniamkia. Mtu akikuamkia, unamwitikia. Hajaniuliza bado."

Nimelifikiri jibu hilo kwa wiki kadhaa sasa na silioni kasoro. Sisi watu wa huku, hata nyumba ikiwa inaungua, tutakuitikia salama kwanza, halafu ndipo tutakuomba ndoo. Hiyo ni tabia njema na sitaki ife. Lakini daktari naye amezaliwa hukuhuku, kwao ni Butiama, anajua kabisa kwamba salama ya kwanza ni ya heshima na habari huja baadaye, ukivuta kigoda ukakaa. Akivaa koti jeupe anaisahau. Anachukua pamba ya juu ya gunia, anaandika safi, anaondoka. Na msinieleze habari za wagonjwa kuwa wengi na daktari ni mmoja. Mzee yule alipanga magunia ya kata nzima kwa siku, mkono mmoja, na kila gunia aliligusa chini.

Kumbe hata pale kitandani mzee alikuwa anapima. Alilichukua daftari kutoka chini ya mto, akaligeuza, akanionyesha. Tangu alipolazwa alikuwa anaandika kila jioni kutoka nyuma, kwa mwandiko wake ule wa vitabu vya ushirika, mistari minyoofu. Kumeza maji: fifi. Kumeza uji: rudisha. Sikio la kulia: rudisha. Daktari hakuwahi kujua kwamba koo lile lilikuwa likimuumiza mzee sikio mpaka akauma shuka. Usingizi: rudisha. Harufu: rudisha. Na kwenye kila ukurasa, mstari wa mwisho, jambo ambalo hakuna fomu ya hospitali iliyowahi kuliuliza: kula na watu, rudisha. Nilitafuta neno safi kurasa zote, sikulipata. Akaniomba kitu kimoja, na katika miaka yote ile hakuwa amewahi kuniomba lolote. Alisema, "Kesho akija, msomee."

Asubuhi daktari akaja, nesi nyuma yake, wanafunzi wawili nyuma ya nesi. Daftari lilikuwa mkononi mwangu. Mimi, mwandishi wenu ninayewakaripia mawaziri kwenye ukurasa huu kila Jumapili, nililinyoosha mbele. Daktari akalipokea, akalifungua pale anapolifungua siku zote. Neno lenyewe lilikuwa fupi tu, geuza, nami nilikuwa nalo mdomoni. Nikaona aibu kumfundisha daktari kazi yake mbele ya wanafunzi wake. Nikajiambia nitamfuata ofisini baadaye. Shikamoo mzee, umeamkaje. Nimeamka vizuri, daktari. Saa nne nilikuwa kwenye gari la kurudi Musoma, na ofisini sikwenda. Mzee hakunilaumu. Aliniaga vizuri kabisa, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Katika hali yake nzuri ya mwisho aliwahi kuniambia juu ya hawa wanunuzi wapya wa pamba, waliokuja na soko huria. Wanakuja na malori, wananing'iniza mizani, gunia linapanda, gunia linashuka, hakuna anayezamisha mkono, bei moja kwa wote. Wakulima wameshaelewa, wanatia maji na mchanga. Mzee hakuwa na shida na uhuru wa kuuza. Ushirika nao ulikuwa umemchosha kwa ahadi. Kilichomkera ni kwamba madaraja yamekufa na hakuna aliyelia. Alisema siku hizi pamba yote ni safi, na ndiyo sababu huko inakokwenda hawaiamini tena. Nilidhani anaongelea pamba tu. Sasa naona tumejifunza kuyapokea mambo yote hivyo, shuleni, ofisini, wodini: kila kitu kizuri, kila mtu anaendelea, hakuna malalamiko, na anayeuma shuka aume taratibu asiwasumbue wenzake.

Kibara nilifika wakati wa maziko. Baada ya watu kutawanyika, mjane akaniita jikoni, akanipa lile daftari akisema mzee aliagiza liwe langu. Yeye Kiswahili chake ni cha kuokoteza, shule hakuwahi kukanyaga. Akanieleza yaliyotokea wiki ile niliyoondoka. Nesi alikuwa akimtoa nje kila daktari anapopita, siku hiyo yeye akakataa kutoka. Alisimama kando ya kitanda, na daktari alipoanza kuandika, akalishika daftari mkononi mwake. "Mwanangu, yeye alikuwaga anaandika huku nyuma. Daktari anaangaliaga huku mbele. Mimi sijui kusoma, nikaligeuza tu."

Anasema daktari alisoma akiwa amesimama, halafu akakaa kitandani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akauliza sikio linaumaje, akangoja. Mchana huohuo ikaja dawa ya maji ya maumivu makali, ya kudondoshea ulimini. Nesi alinithibitishia nilipopita kumshukuru: ilikuwamo kabatini muda wote, chini ya kufuli, chupa chache, hutolewa kwa anayeandikiwa, na haandikiwi mtu asiye na malalamiko. Mzee aliitumia siku nne.

Somo langu ni dogo na limenigharimu heshima yangu. Mgonjwa akikuitikia vizuri, hujamuuliza bado. Kaa chini, uzamishe mkono. Na wewe msomi uliyesimama kando na daftari, usingoje mama asiyejua kusoma aje akusemee. Ninalo hapa mezani ninapoandika. Maandishi ya mbele na ya nyuma yanakutana katikati, kwenye karatasi moja. Upande wa daktari, siku ile lilipogeuzwa, kwa mara ya kwanza pameandikwa maumivu ya sikio, makali, tangu alipolazwa. Nikaligeuza. Upande wa mzee kuna mistari ileile, na maneno yaleyale ya kila jioni, isipokuwa mmoja, kwa mkono uliokwisha kulegea, wa mtu ambaye hakuwahi kumpa yeyote daraja asilostahili: usingizi, safi.